Mito ya Salma na Kondoo wa Molo

(Ukurasa wa shajara yangu ya zamani, enzi hizo nikifundisha kemia Ganjoni na kuishi kwa Mama, Mji wa Kale. Nimeuchapa kama ulivyo, na kelele zake zote.)

Jumamosi, Julai 1996

Leo kusi imevuma tangu alfajiri, na mvua ya rasharasha imekuja ikaenda bila kuaga. Mji umepoa. Mimi peke yangu ndiye niliye na joto. Vidole vinanuka mayai viza, na buibui nimelivaa ndani nje kutoka Ganjoni mpaka Makadara bila hata mtu mmoja kunihurumia akaniambia.

Nimefurahi!

Haya, nijitulize. Nianze na mambo yalivyokuwa asubuhi, la sivyo nitausoma ukurasa huu mwakani nidhani nilikuwa na homa.

Salma, mdogo wangu, ameposwa na Yusufu, fundi wa umeme wa pale bandarini. Ni kijana wa adabu, mpole mpaka nakereka. Kwao ni Molo, Waislamu wa huko tangu mababu, wana shamba na kondoo. Mama alimkubali shingo upande. Hakumwona na kasoro yoyote isipokuwa kuzaliwa mahali ambapo watu hulala na blanketi mbili.

Kwetu, mama wa bibi harusi ndiye atengenezaye kitanda. Godoro, shuka, mito, vyote hupitia mikononi mwake, na wanawake watakaoingia chumbani siku ya harusi watabonyeza mito hiyo kwa vidole huku wakijifanya wanaiweka sawa. Mito tumezoea kuijaza pamba ya msufi. Mamake Yusufu aliposikia habari za mito, akatuma magunia mawili ya manyoya ya kondoo wake mwenyewe, na salamu juu yake: mkwe wangu alalie haya.

Mama alifurahi siku ile, ingawa hakusema. Nilimwona akiyapapasa.

Kisha akayafua.

Sasa, lazima nieleze Mama ni nani katika kufua. Mtaa wetu mzima, kanzu ya Idi, kanzu ya bwana harusi, kanzu iliyomwagikiwa mchuzi siku ya Maulidi, huletwa kwake. Huchemsha maji, akatia magadi, akaloweka usiku kucha, akapiga, akasuuza, akatia buluu, akamalizia kwa maji ya ndimu, akaanika juu ya dari kwenye jua kali. Kanzu ikitoka hapo ukiitazama mchana unafumba macho. Hakuna aliyewahi kulalamika, na hakuna ambaye angethubutu.

Gunia la kwanza alilifua hivyo hivyo, hatua kwa hatua, kwa heshima zote. Alipokamua ndimu juu ya beseni, ikatoka harufu ya mayai viza iliyomfanya jirani afunge dirisha. Alipoanua, manyoya yalikuwa ya manjano, na pale buluu ilipokamata yamekuwa kijani ambayo sijui niiite kijani gani. Yameshikana madonge madonge. Makavu kama katani. Ukivuta unywele unakatika, na hata ukiutazama vibaya nadhani unakatika.

Mama aliyakusanya kwenye beseni, akaketi, akasema neno ambalo limetutesa nyumba nzima tangu hapo.

"Haya ni manyoya ya kondoo mwele. Ampendaye mwanangu hamlazi juu ya uwele."

Salma alilia. Yusufu akaapa kupitia kwa Salma kwamba hao ndio kondoo bora wa mamake, wazima kabisa, wasio na ugonjwa wowote. Mama akajibu kwamba yeye hakutarajia aseme vingine. Kwao Molo wenyewe hawayafui. Manyoya hunyolewa, hufungwa, huuzwa yalivyo, kwa hiyo hakukuwa na mtu wa kumwambia Mama neno lolote, na sidhani angelisikia. Akalishona gunia la pili mdomo kwa sindano ya magunia, akatuma ujumbe: Yusufu aje leo, baada ya alasiri, alichukue gunia lake, na posa yake airudishe nayo Molo.

Ndivyo tulivyoamka leo. Salma amejifungia ghorofani. Mama anakanda unga kwa nguvu ambazo unga haukuhitaji. Na mimi, mwalimu wa kemia, nimekaa katikati yao na kikombe cha chai nikijiuliza shahada yangu inafanya kazi gani humu ndani.

Tatizo ni kwamba Mama hakusema upuuzi. Hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Unywele wa kondoo, kama wangu, kama ukucha, kama pembe, umejengwa kwa protini iitwayo keratini. Keratini ni minyororo mirefu iliyolala ubavu kwa ubavu, na kinachoishikanisha ni salfa. Chembe ya salfa ya mnyororo huu hushikana na chembe ya salfa ya mnyororo ule, kama mshono unavyoshika vitambaa viwili. Mishono ikiwa mingi na mizima, unywele una nguvu, unavutika na kurudi, unajikunja mawimbi mawimbi, na ukiufumbata mkononi kisha ukaachia unainuka tena. Mishono ikiwa michache, unywele unabaki jina.

Nimewafundisha wasichana haya mwaka baada ya mwaka, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la maji kukatika.

Na kondoo akiugua, au akikosa chakula kizuri, au udongo wa kwao ukikosa madini ya shaba, hiyo mishono haishonwi sawasawa. Manyoya yake hunyooka bila mawimbi, hukosa nguvu, hukatika. Kwa hiyo yale niliyoyaona kwenye beseni la Mama yangeweza kabisa kutoka kwa kondoo mwele. Yangeweza vile vile kutoka kwa kondoo mzima aliyekutana na magadi, maana magadi ni alkali, na alkali ya moto huifumua ile mishono. Pamba haidhuriki hivyo, pamba haina salfa. Ndiyo maana kanzu huvumilia.

Ama kondoo, ama sisi. Ningejuaje?

Lilikuwepo gunia la pili.

Mama alipoingia bafuni kutia udhu, nililiendea pale ukumbini. Ameshona mdomo, lakini pembeni gunia limechakaa, kuna tundu la kupitisha vidole viwili. Nikachomoa kishungi, kingine, kingine tena, nikavitia mkobani kama mwizi wa biskuti. Nikachukua na yale ya manjano kwenye beseni. Nikatoka mbio kuelekea shuleni.

Mlinzi wa shule, Bwana Katana, mtu wa Kaloleni asiyeshangazwa na chochote, alinifungulia maabara bila kuniuliza Jumamosi hii nafuata nini.

Jaribio lenyewe ni rahisi. Unachemsha manyoya katika soda kali, ile ya kutengenezea sabuni, mpaka yayeyuke, kisha unatia chumvi ya madini ya risasi. Salfa iliyotoka kwenye mishono huikamata risasi na maji yanageuka meusi. Weusi mwingi, salfa nyingi. Nikapima ya manjano na yale mabichi ya gunia la pili, uzito sawa kwa mizani, kila moja kwenye mrija wake wa kioo. Nikawasha moto.

Ya Mama yakawa ya kahawia, kama chai ya rangi.

Ya gunia la pili yakawa ya kahawia, kama chai ya rangi iliyokolea kidogo.

Nilitazama. Nikainua mirija kwenye mwanga wa dirisha. Nikaigeuza. Hakuna tofauti ya maana. Manyoya ambayo hayajaguswa na magadi, hayajaguswa na Mama, nayo yalikuwa na salfa ya kubahatisha.

Nilikaa kwenye kile kiti kirefu cha maabara, miguu inaning'inia, nikaanza kupanga maneno ya kumwambia Salma. Nilimwona akisema "si kitu, dada," kwa ile sauti yake ya kusema si kitu. Na kuna sehemu yangu, naiandika kwa sababu hapa hapana wa kunisoma, iliyopata nafuu. Ikiwa kondoo ni mwele, sina haja ya kumkabili Mama.

Nilikuwa nimekaa hivyo nikisugua vidole, na vidole vikaniambia jambo.

Vilikuwa laini. Vidole vyangu, ambavyo chaki imevipasua mpaka vinakwaruza leso, vilikuwa laini kama nimevipaka mafuta ya nazi. Nikavinusa. Mafuta. Nikashika tena kishungi kibichi, nikakibana: kinanata.

Nikaruka kutoka kwenye kiti. Mimi ni mjinga! Nilipima nini mimi? Nilidhani nimepima manyoya, kumbe nimepima manyoya na mafuta ya kondoo na jasho la kondoo na vumbi la Molo! Kitu kibichi kama kile, nusu yake inaweza isiwe unywele kabisa. Ya Mama yameshafuliwa, hayo yote yametoka, kwa hiyo kwenye mizani yalikuwa manyoya matupu. Nimewalinganisha mtu aliyevua na mtu aliyevaa makoti matatu, nikadhani kilo zote ni za mwili.

Nikatia mabichi kwenye maji ya vuguvugu. Vuguvugu tu, ya kumwogeshea mtoto. Sikutia sabuni bado. Na maji yakaanza kutoa povu!

Nilicheka peke yangu. Jasho la kondoo lina chumvi zake, na chumvi hizo zinafanya kazi kama sabuni. Yaani mnyama huyu anatembea milimani na sabuni yake mgongoni, anangoja mtu tu amtie majini. Nikabadilisha maji, nikatia sabuni ya mche kidogo, ile laini, nikayabonyeza bila kuyasugua. Nikabadilisha tena, na tena. Vumbi likatoka, jekundu. Mafuta yakatoka. Na kilichobaki mkononi mwangu, jamani.

Cheupe. Si cheupe cha kanzu, kile cha kuumiza macho. Cheupe cha tui zito. Na mawimbi! Madogo madogo, yamepangwa sawa kutoka kwenye shina mpaka ncha, kila unywele unajikunja pamoja na mwenzake. Nikavuta unywele mmoja, ukarefuka, ukarudi. Nikafumbata kishungi kizima, nikaachia, kikainuka polepole kikajaa kiganja.

Miaka yote hii nimechora keratini ubaoni, na leo ndiyo mara ya kwanza nimeishika nikijua nimeshika nini. Kondoo wetu wa pwani wana nywele za kulala tu, kama za mbuzi. Huyu ni kitu kingine kabisa.

Nikayakausha, nikapima upya, nikarudia jaribio.

Nyeusi. Nyeusi ya wanja! Mrija mzima, mpaka sikuuona mkono wangu upande wa pili.

Nadhani nilipiga ukelele, kwa sababu Bwana Katana alitokea mlangoni na ndoo ya mchanga.

"Mwalimu, kuna moto?"

"Hakuna moto, Bwana Katana, kuna salfa!"

Akaitazama ile mirija miwili, mweusi na wa kahawia, kwa heshima, kama mtu anayetazama picha za harusi ya watu asiowajua. Akasema, "Haya." Akageuka aende zake, nami nikamwita, maana nilikumbuka kuwa kazi haijaisha. Kondoo ni mzima, hilo nimelijua. Lakini kwamba ni magadi ndiyo yaliyomharibu, hilo bado nilikuwa nalidhania tu, na Mama hashindwi kwa kudhania. Nikamwomba ndimu. Alikuwa nayo, ya kukamulia samaki wake wa mchana. Alinipa, ila nilimwona imemuuma.

Nikachukua manyoya yale mazuri. Niseme kweli, nilisikia uchungu. Nikayachemsha na magadi kama Mama, nikayaacha humo mpaka nikaona yanageuka manjano mbele ya macho yangu, nikayasuuza juu juu, nikakata ndimu, nikakamua.

Mayai viza!

Ile ile. Ile ya kumfungisha jirani dirisha. Nikashika juu yake karatasi niliyoilowesha chumvi ya risasi, ikaingia weusi. Salfa ilikuwa imeshatolewa na magadi kwenye mishono yake, imejificha majini, ikingoja ndimu iitoe nje. Harufu ambayo Mama aliishika kuwa ushahidi wa uwele ilikuwa nguvu ya yale manyoya inaondoka. Na sisi tulikuwa tumesimama pale uani, tumeziba pua, tunamlaumu kondoo.

Nilifunga vitu vyangu, nikasahau kumshukuru Bwana Katana, nikarudi kumshukuru, nikavaa buibui ndani nje, nikatoka. Kutoka Ganjoni sikutembea, nilielea. Nilikuwa najisemea kwa sauti. Mwanamke mmoja alinipisha njia.

Pale Makadara, kwenye wauza viazi vya karai, ndipo nilipopunguza mwendo.

Kwa sababu nilifikiri: sasa namwambia nani?

Namwambia Mama. Namwambia Mama, mbele ya mkwe, kwamba mkono wake, mkono uleule ambao mtaa mzima unauamini kwa kanzu zao, ndio ulioharibu zawadi ya watu. Yusufu akilijua, Molo italijua. Akilijua jirani, itakuwa hadithi ya kila kahawa. Mama hana elimu ya darasani wala hana mali. Ana weupe wa kanzu za watu. Nikinyamaza, Salma anampoteza Yusufu leo hii alasiri. Nikisema, namvua Mama nguo hadharani.

Nikaubana mkoba kwapani, nikaendelea na njia.

Nilifika Yusufu ameshafika. Amekaa ukingoni mwa kiti pale ukumbini, kofia magotini, chai yake imeshika utando. Gunia liko mlangoni. Mama amekaa mkabala naye, leso begani, uso umefungwa. Niliwasalimu, Yusufu akasimama kuitikia, akakaa tena, nikaona vidole vyake vinaizungusha kofia.

"Mama, nakuomba jikoni mara moja."

"Sema papa hapa. Siri zimekwisha."

Nikamtazama. Nikasema neno la kwanza lililonijia. "Nataka ndimu, sijui zilipo. Nitapekua mwenyewe."

Mama anaweza kuvumilia mengi lakini si mtu kupekua jikoni mwake. Akainuka.

Nikafunga mlango. Nikaweka juu ya sinia vishungi vitatu: kile cha beseni lake, kile nilichokichemsha leo, na kile cheupe. Sikueleza chochote. Nilimuuliza tu, Mama, tizama, hapa kuna kondoo wangapi?

Hakutaka kucheza. Lakini ni mtu wa vitambaa, mikono yake haikuweza kujizuia. Akavishika kimoja kimoja, akavisugua, akavivuta.

"Haya mawili ya mmoja," akasema, akivisogeza vile vya manjano pamoja. "Mwele. Na haya ya mwengine, mzima." Kile cheupe akakibakisha mkononi. "Mazuri haya. Umeyapata wapi?"

"Yote ni ya gunia lile la mlangoni, Mama."

Akanitazama. Nikafungua chupa niliyokuja nayo, yenye yale maji ya magadi na ndimu, nikaisogeza karibu naye. Akanusa mara moja tu. Pua ya Mama haisahau.

"Haya nani aliyeyatia magadi?"

"Mimi. Leo."

"Na yale ya kwanza?"

Nikatazama miguu yangu, nikatazama chungu, nikatazama dirisha.

Mama alikifumbata kile kishungi cheupe, akaachia. Kikainuka. Akafumbata tena, akaachia. Kikainuka. Alifanya hivyo mara kadhaa, uso wake sijui niueleze vipi, kama mtu anayesikiliza. Kisha akakitia kwenye pindo la leso, akakifunga fundo, akafungua mlango.

Nilimfuata nyuma. Nilidhani atasema gunia limepatikana zuri, mambo yamekwisha, tuyaache hapo. Ningelimwelewa. Ningelimsaidia hata kusema hivyo.

Yusufu, mtoto wa watu, aliposikia mlango alikuwa ameshasimama na gunia begani. Nadhani alitaka kumwondolea Mama taabu ya kumfukuza.

"Wenda wapi na mito ya mwanangu?"

"Mama, uliniita nije nichukue..."

"Nalikwita. Litue."

Akalitua.

Mama akauinua mkono wake wa kulia, kiganja mbele, ukutani kukiwa na mwanga wa dirisha, mkono umekunjamana kwa maji ya miaka. "Nenda kamwambie mamako kondoo wake hawana neno. Mkono ulioharibu ni huu. Nimeyapika kwa magadi kama kanzu."

Yusufu alikuwa anatazama sakafu. Alisema kwa sauti ya chini kabisa kwamba atamwambia mamake yamepungua kidogo katika kufuliwa, mambo hayo hutokea.

"Usimwambie kidogo. Mwambie gunia zima."

"Sawa, Mama."

"Na unisamehe, mwanangu."

Mwanangu! Hajawahi kumwita hivyo. Huko nyuma alikuwa "huyo kijana", siku njema "Yusufu". Nilisikia juu, ghorofani, mlango ukifunguliwa, na nyayo za Salma zikishuka ngazi mbili mbili kisha zikakumbuka adabu zikasimama katikati. Yusufu alijibu kwamba hakuna la kusamehe, kisha akainua kikombe chake akanywa ile chai yenye utando yote, mpaka chini. Mapenzi ya namna hiyo mimi nayaheshimu.

Nililia kidogo, kando ya gunia. Sikujua kama nalia kwa ajili ya Salma au kwa ajili ya ule mkono ulioinuliwa. Mimi nilikwenda na mirija na mizani kutafuta ukweli, nikaupata, na bado nilikuwa tayari kuukunja niutie mfukoni. Mama aliupata kwa kunusa mara moja, akautoa nje mbele ya mgeni.

Yusufu aliondoka baada ya magharibi, na harusi ipo pale pale. Mama alilifumua gunia la pili mwenyewe. Sasa hivi ninapoandika yuko uani, amekaa kwenye kibao, mabeseni yamemzunguka. Anapima maji kwa kiwiko kama anaogesha mtoto mchanga. Nilipotaka kusaidia alinitoa kwa jicho. Povu la kwanza lilipojitokeza bila sabuni nilimsikia akicheka, kicheko cha msichana, akamwita Salma aje aone. Kila dakika ananiuliza kitu. Haya mafuta yatupwe? Hapana, Mama, hayo watu hutengenezea dawa za ngozi. Akajipaka viwikoni papo hapo. Na buluu isitiwe kabisa? Kabisa. Na jua? Kivuli, Mama, kivulini penye upepo. Ana bidii ya mwanafunzi ambaye sijawahi kumpata darasani, na napenda kusema haya kwa wivu wote.

Halafu kabla sijaingia ndani kuandika, aliniuliza swali moja bila kugeuka, mikono ikiwa majini.

"Hiyo salfa yako. Ikishatoka, hairudi?"

Nilifikiria kumpamba jibu. "Hairudi, Mama."

Akakamua kishungi polepole, akakiweka kwenye ungo na vingine, vyeupe vimejaa.

"Basi yale ya kwanza usiyatupe. Nitilie kwenye mto wangu mimi."

Nilimwambia hayafai kulaliwa, ni makavu, yatamchoma shingo na yataendelea kuvunjika mpaka yawe vumbi. Akasema anajua.

Kesho, nikishamaliza chai, nitaushona mto huo mimi mwenyewe. Nami nitautia vitambaa viwili, kimoja juu ya kingine, yasimchome shingo.